Maneno ya Redio: Kutwa Moja ya Kusikiliza Katika Kolwezi

Mwezi wa sita uliopita halmashauri ya parokia yetu ililetewa neno. Redio moja ya mji huu wa Kolwezi ilikuwa tayari kutuuzia nusu saa kila Jumapili jioni, kwa malipo ya mwezi. Wengine wakasema tukubali mara moja, maana watu wa siku hizi hawasomi, wanasikiliza tu. Wengine wakasema fedha hiyo yafaa kwanza kuezeka chumba cha wakatekumeni, ambacho mvua ikinyesha watoto hukimbilia kanisani na vitabu vimelowa. Majibizano yakawa marefu. Mwishoni mzee mmoja, aliyekuwa fundi wa Gécamines tangu ujana wake, akasema: "Mwataka kununua mbuzi aliye gizani. Nani kati yenu amepata kuisikiliza redio hiyo kutwa nzima?" Tukatazamana. Basi tukatumwa sisi, pamoja na wawili wa shirika letu, tukae mbele ya redio tangu alfajiri hata usiku, kisha tueleze tulichosikia.

Habari tuliyoipeleka kwa halmashauri ilikuwa fupi. Hapa twaiandika kwa urefu, kwani mambo tuliyoyasikia yawahusu wasomaji wote wenye redio nyumbani, nao ni karibu wote.

Tulichagua Jumatano, kwa kuwa si sikukuu wala si siku ya mpira. Tulikaa kwa mama mmoja mjane wa shirika letu, mtaani Manika. Redio yake ni ndogo, ya betri, nayo yapokea hata mawimbi mafupi. Umeme ukikatika, na kwetu hukatika, haijali. Baba yake alitoka Kasai zamani kuja kufanya kazi ya Union Minière. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa hapa, akaolewa hapa, akamzika mume wake hapa. Msomaji akumbuke jambo hili, tutalirudia.

Hatukutaka kuhukumu bila kipimo. Padre mmoja aliyesoma Uingereza ujanani alikuwa akitusimulia mara nyingi habari za redio ya huko katika miaka ya 1970, nasi tulikwenda kwake tena kabla ya Jumatano ile kumwuliza vizuri. Redio yenyewe ni ya shirika la BBC, jina lake Radio 4, nayo ilianza kuitwa hivyo tarehe 30 Septemba 1967. Ajabu yake ni kwamba karibu kutwa haikupiga muziki. Watu walisema tu. Asubuhi watu walipokunywa chai walisikia kipindi kiitwacho Today, kilichoanza mwaka 1957. Baadaye ilikuja ibada fupi ya kila siku, ambayo imetangazwa tangu mwaka 1928. Saa saba mchana ilikuwa habari na mahojiano. Saa nane, kuanzia mwaka 1973, ilikuwa saa ya akina mama, kipindi chenyewe kikiwa kimezaliwa mwaka 1946 katika redio nyingine ya shirika lilo hilo. Jioni ilikuja hadithi ya familia ya wakulima, The Archers, ambayo imekuwa ikiendelea siku kwa siku tangu tarehe 1 Januari 1951. Mwanzoni ilitungwa kwa shauri la Wizara ya Kilimo, ili mkulima ajifunze mbolea na magonjwa ya ng'ombe huku akicheka. Usiku mtu alisomewa kitabu, sura kwa sura, mpaka usingizi umchukue.

Wala hapakuwa na tangazo hata moja la biashara. Hadi tarehe 1 Februari 1971 kila nyumba yenye redio ililipa leseni. Baada ya hapo walilipa wenye televisheni peke yao, na fedha hiyo ikagawanywa kwa zote mbili. Padre hakuficha kasoro. Alisema sauti nyingi zilikuwa sauti za watu waliosoma sana, wa kusini. Wachimbaji wa makaa ya mawe walipogoma mwaka 1972, na tena mwaka 1974, walisikia habari zao wenyewe zikisomwa kwa ulimi usio wao. Mji wa migodi waweza kuelewa uchungu huo.

Katika miaka ile ile sisi huku tulikuwa na redio moja tu ya nchi, Sauti ya Zaïre. Vijana hawajui, yafaa waambiwe. Nayo ilikuwa na maneno mengi kutwa, lakini yalikuwa maneno ya mtu mmoja na chama kimoja. Mwaka 1972 tulikatazwa majina ya ubatizo. Mwaka 1973 magazeti ya dini yalifungwa. Mwaka 1974 Noeli ikaondolewa katika sikukuu za nchi. Mwenye kutaka habari za kweli alingoja giza, akageuza kitufe kutafuta ng'ambo. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilikuwa imeanza tarehe 27 Juni 1957, na ya Ujerumani mwaka 1963. Mzee yule wa Gécamines asimulia kwamba tarehe 13 Mei 1978, waasi walipoingia Kolwezi, yeye na watoto walilala chini sakafuni karibu siku saba, na redio chini ya blanketi, sauti ndogo kabisa. Risasi zilikuwa nje ya dirisha, lakini kujua ni nani apigaye na nani anakuja walijua kutoka mbali. Askari wa Kifaransa waliposhuka kwa miavuli tarehe 19 Mei, yeye asema, hakushangaa sana. Tangu hapo hana heshima na redio ya karibu. Ndiyo maana alitutuma.

Haya, tuanze siku yetu.

Saa kumi na moja alfajiri, baridi kali, makaa hayajashika. Tulianza na Radio Okapi. Redio hiyo ilianzishwa tarehe 25 Februari 2002 na Umoja wa Mataifa pamoja na Fondation Hirondelle ya Uswisi, wakati nchi ilikuwa imekatwa vipande kwa vita, nayo hutangaza kwa Kifaransa, Kilingala, Kiswahili, Kituba cha Kongo ya chini na Kiluba cha Kasai. Twaisifu bila kusita kwa jambo moja: imewafanya Wakongo wa mbali wasikilizane. Mtu wa Kolwezi akisikia sauti ya mtu wa Bunia aliye Bunia kweli, si jina lake likisomwa na mtu wa Kinshasa, anaanza kuamini kwamba Bunia iko. Kwa habari za nchi hatujui iliyo bora.

Ila Kiswahili cha habari, katika redio karibu zote tulizozisikia asubuhi ile, ni Kiswahili kilichotoka Kifaransa jana jioni na bado kina vumbi la safari. Msomaji mmoja wa habari alisema "usitishaji wa uhasama." Mama mwenye nyumba akauliza: "Anasema nini?" Kijana wetu akamjibu: "Anasema baache kupigana." Mama akasema: "Basi aseme baache kupigana." Sisi tuliofundishwa Kiswahili cha vitabu seminarini hupenda kukitetea, na hatukatai kwamba yafaa kuwe na lugha moja ielewekayo toka Lubumbashi hata Dar es Salaam. Walakini habari isiyoeleweka si habari, hata ikiwa na sarufi safi. Nasi wakatekista tusicheke, maana mahubiri yetu yana ugonjwa huo huo.

Saa moja tukahamia redio za mji. Wenye kuzianzisha redio hizi walipewa njia tarehe 24 Aprili 1990, Mobutu alipotangaza mwisho wa chama kimoja, na sheria ya magazeti na redio ya tarehe 22 Juni 1996 ikawatengenezea barabara. Tangu hapo zimeota kama uyoga. Nyingi ni chumba kimoja, mlingoti mmoja na vijana wanne wasiolipwa vizuri.

Na hapa tulipata kitu kilichotupendeza kuliko vyote vya siku ile, jambo ambalo hatukulitazamia: matangazo ya misiba. Yalisomwa kwa muda wa robo saa. Fulani, mfanyakazi wa zamani wa mgodi wa Musonoi, amefariki. Kilio kiko Kapata, nyumba ya ndugu yake, nyuma ya pampu ya maji. Watoto walio Likasi, Fungurume na Lubumbashi waje haraka. Mazishi kesho, kwa kuwa mjomba angali njiani kutoka Dilolo. Hapana neno la bure hata moja. Kila jina lilisomwa mara mbili, polepole, na mtangazaji, msichana mwenye sauti nzito kidogo, hakujaribu kuhuzunika kwa mchezo. Nyumba nzima ikanyamaza. Mama akaacha kuchambua sombe. Katika mji huu watu wamekusanywa kutoka pande zote kwa ajili ya shaba, Walunda, Wandembo, Wachokwe, Wasanga, Waluba wa Katanga na wa Kasai, na tangu jadi tunajuana kwa kuzikana kuliko kwa jambo jingine lolote.

Padre alitueleza kwamba Radio 4, tangu mwezi wa Novemba 1978, ilisoma kila siku hali ya bahari kwa ajili ya mabaharia na wavuvi: upepo, hali ya hewa, jina la kila sehemu ya bahari kwa mpango ule ule usiobadilika. Mamilioni wasiokuwa na mtumbwi walipenda kusikiliza, kwa sababu walijua kwamba mahali fulani gizani yuko mtu ambaye maneno yale ni uzima wake. Matangazo ya misiba ni hali ya bahari yetu. Twamwomba mwenye redio asiyachanganye na tangazo la sabuni ya kung'arisha ngozi, kama alivyofanya mara mbili asubuhi ile, marehemu kabla na marehemu baada. Twamwomba pia afikiri juu ya bei. Kila tangazo hulipiwa, na tulifahamu baadaye kwamba wako wanaozika bila kutangaza kwa kukosa fedha.

Kutoka saa tatu hata saa tano tulisikia wahubiri wa namna nyingi. Hapa tutapita haraka. Wengine walihubiri Injili kwa bidii kutushinda sisi, na mmoja alitaja namba ya simu ya kutumia sadaka mara kumi na moja. Tulihesabu kwa punje za maharagwe.

Habari za mchana zilitusikitisha. Mkubwa fulani ametembelea mahali fulani, kampuni fulani imetoa madawati, mkubwa ameshukuru, kampuni imeshukuru. Muda wote huo hatukusikia swali hata moja. Kila mtu katika nchi yetu ajua kwamba mwandishi akiitwa kwenye sherehe hurudi na bahasha, na bahasha hiyo ndiyo mshahara wake, kwa kuwa mwingine hana. Hatuwahukumu vijana hawa kwa ukali. Mwenye njaa hawezi kumhoji mwenye bukari. Lakini tazama gharama yake. Tarehe 22 Februari 2025 serikali ilisimamisha usafirishaji wa kobalti nje ya nchi, na tangu tarehe 16 Oktoba mwaka ule ikaweka viwango vya kila kampuni. Ni jambo kubwa kuliko madawati yote: lilimgusa mchimbaji wa mikono wa Kasulo, mwenye lori, mama auzaye maandazi kwenye soko la madini la Musompo. Nalo redioni tulikuwa tumelisikia siku zile likisomwa kama barua ya wizara, kwa maneno ya wizara, bila mtu wa kusema: basi, gunia lako la leo litauzwa kwa namna gani? Na kipimo cha asilimia ya mawe, ile mashine ambayo wachimbaji wanailalamikia siku zote kwamba yawapunja, nani ameieleza redioni yafanya kazi namna gani, nani ameipima? Kumbuka wakulima wale wa Kiingereza na mbolea yao. Tarehe 27 Juni 2019 ukuta wa shimo la KOV ulipoporomoka na kuua wachimbaji zaidi ya arobaini, watu walikimbilia shimoni kuuliza nani amekufa. Hawakukimbilia redio.

Lakini tusiwe wachungu tu. Mchana, saa nane na nusu, muuguzi mmoja wa kike alizungumza na akina mama, nasi twamvulia kofia. Alizungumza juu ya nguo za mgodini: zisioshwe pamoja na nepi, zisipigwe vumbi mlangoni watoto wachezapo, na mtoto asitumwe mtoni kuosha mawe. Alisema kwa Kiswahili cha hapa hapa. Alipoulizwa jambo asilolijua akajibu, "Hilo sijui, nitauliza, nitawaambia wiki ijayo." Katika kutwa nzima alikuwa mtu wa pekee tuliyemsikia akisema sijui. Walimpa dakika kumi na mbili. Mchezaji mmoja wa mpira alipewa saa nzima.

Sasa tufike saa kumi.

Kipindi kilikuwa cha kupiga simu, na swali lake lilikuwa hili: vijana wa Lualaba hawapati kazi katika kampuni za madini, nani wa kulaumiwa? Swali lenyewe ni la haki. Sisi wenyewe tuna wadogo zetu wenye diploma wanaokaa barazani. Wa kwanza kupiga alilaumu kampuni, wa pili alilaumu wakuu wa kazi wanaouza nafasi, wa tatu alilaumu vijana wenyewe kwa pombe. Wa nne akasema wenye makosa ni wale wanaoshuka kwenye treni kutoka Kasai na magodoro yao. Kisha akawaita kwa neno fulani. Neno hilo hatutaliandika hapa. Wenye umri wa miaka arobaini na zaidi katika mji huu walijua. Ni neno la wadudu.

Mtangazaji alicheka. Akasema, "Ah Tata, umesema weye!" Akapiga wimbo.

Mama mwenye nyumba akainuka, akaenda nyuma kutazama moto. Moto ulikuwa unawaka vizuri. Alikaa huko mpaka wimbo ukaisha, akarudi na chai, akatumiminia sisi watatu, ndipo akasema taratibu: "Mwalimu, hata mwaka ule ilianzaka vile, bantu banacheka."

Mwaka ule ni 1992, kisha 1993. Yafaa tuandike wazi, kwa kuwa wasomaji wetu wengi walikuwa hawajazaliwa. Katika mikutano ya siasa ya Katanga watu wenye asili ya Kasai waliitwa wadudu, na neno likatoka mikutanoni likaingia sokoni, migodini, shuleni. Baadaye yakaja mawe na moto. Likasi mwaka 1992, Kolwezi mwaka 1993, makumi elfu ya watu walifukuzwa katika nyumba walizozaliwa. Walikaa siku nyingi kwenye stesheni wakingoja treni za kwenda nchi ambayo wengi hawakuijua. Wazee na watoto wachanga wakafa kwa njaa na maradhi. Na katika mwezi wa Julai 1993, upande wa pili wa mpaka wetu, katika Rwanda, redio iliyoitwa RTLM ilianza kutangaza kwa utani na muziki mzuri, ikiwaita watu mende. Mwaka uliofuata kila mtu aliona mwisho wake. Wakubwa wawili wa redio ile, pamoja na mhariri wa gazeti moja, walihukumiwa Arusha mwezi wa Desemba 2003. Mahakama haikukubali kwamba maneno ni maneno tu.

Hatusemi kwamba kijana yule wa saa kumi ni mtu wa namna hiyo. Twajua si mwovu. Twamfahamu, huimba vizuri. Hilo ndilo linalotutia hofu. Hakulipanga. Alikosa la kusema, akacheka, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha kwamba kushika kipaza sauti ni kazi, wala hakukuwa na mtu mwingine chumbani. Swali zito la kazi na madini, na hapakualikwa mtu wa ofisi ya kazi, wala wa chama cha wafanyakazi, wala wa kampuni, wala mtu mwenye asili ya Kasai anayechimba shimo lile lile. Anayelalamika alipewa masikio, hakupewa jibu. Hata yule Tata mwenye hasira hakutendewa haki, kwa maana hakuulizwa swali moja rahisi: umejuaje? Huenda kweli ana mtoto aliyenyimwa kazi, na jina la aliyemnyima analijua, nalo si la Mkasai.

Katika Uingereza, mwaka 1970, Radio 4 ilianza kipindi cha simu kiitwacho It's Your Line. Mwenye kukiongoza alikuwa Robin Day, mtu mkali kwa maswali. Studioni alikaa mtu mwenye madaraka, na mwananchi wa kawaida alimwuliza mwenyewe kwa simu, naye alilazimika kujibu. Usidhani Waingereza walikuwa malaika. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia wa Uganda, halmashauri ya mji wa Leicester ilitoa tangazo katika gazeti la Kampala kuwaambia wasije kwao. Manung'uniko yalikuwa mengi, na bila shaka simu nyingi zilipigwa kwa hasira. Lakini watangazaji walitazamia hasira hiyo. Redio za biashara zilipoanza London mwaka 1973 zilitumia mashine ya kuchelewesha sauti sekunde chache, ili neno chafu likatwe kabla halijafika hewani. Sisi hatuna mashine hiyo. Mtangazaji wetu, hata hivyo, ana kidole, na kitufe kiko mbele yake. Ana na ulimi: angaliweza kusema, "Tata, neno hilo hapana, endelea na hoja yako." Maneno hayo hayagharimu kitu.

Wala sheria haikosekani. Tangu tarehe 7 Juni 1966 nchi hii ina sheria ya kuadhibu ubaguzi wa rangi na wa makabila, na tangu mwaka 2011 liko baraza la taifa la kusimamia redio na televisheni. Lakini Kinshasa ni mbali, na neno lafika Manika kwa sekunde moja.

Jioni umeme ulikatika, kama tulivyotazamia. Redio mbili za mji zikafa pamoja na taa. Iliyobaki ilikuwa na jenereta, nayo ilitoa mchezo wa kuigiza wa kikundi cha vijana: baba aliyepokea mshahara na wake wawili waliojua tarehe. Tulicheka mpaka machozi. Hapa lazima tumtaje Mufwankolo wa Lubumbashi na kikundi chake, ambao katika miaka ile ile ya 1970 walikuwa wakicheza redioni na katika televisheni kwa Kiswahili cha Katanga, bila kuandika maneno kwanza: walikubaliana kisa, kila mmoja akajitafutia la kusema. Mwalimu mmoja Mjerumani, Johannes Fabian, alichapa kitabu kizima juu yao mwaka 1990, akieleza mchezo waliouigiza mwaka 1986 juu ya chifu na madaraka. Vijana wa jioni ile ni wajukuu wao kwa sanaa. Kosa lao ni moja, hawajui kumaliza. Mchezo ulikwisha kwa sababu saa ilikwisha. Walakini kwa nusu saa tulisikia mji wetu ukisema kwa sauti yake, mwenye asili ya Kasai na lafudhi yake, Mlunda na ya kwake, wote wakichekwa sawasawa na hakuna aliyedharauliwa. Mama alicheka kuliko sisi. Twajiuliza kwa nini kicheko kile cha saa kumi kilikuwa sumu na hiki cha saa mbili kilikuwa dawa. Twadhani ni kwa sababu hapa kila mchekeshaji alijicheka kwanza yeye.

Saa nne usiku tulizima.

Halmashauri ilikaa Jumapili iliyofuata. Shauri letu lilikuwa hili: tusinunue nusu saa. Wahubiri wapo wa kutosha hewani, na sauti yetu ingekaa kati ya sabuni na namba ya simu. Badala yake sehemu ya fedha iwekwe kando, ili kila shirika likifiwa na mtu asiye na uwezo, parokia ilipe tangazo lake la msiba, awe wa kabila lolote na wa dini yoyote. Na iandikwe barua kwa mwenye redio ile ya saa kumi. Walikubali la kwanza upesi. La pili lilichukua saa nzima, kwa kuwa baadhi walisema tutatafuta ugomvi, na mmoja, mtu mwema, alisema yule Tata hakukosea sana. Mzee wa Gécamines akamwuliza mama yake alitoka wapi. Akanyamaza.

Barua tuliipeleka wenyewe. Msimamizi wa redio alitupokea vizuri, akatupa viti. Alisema kipindi kile ndicho kinachopendwa kuliko vyote, na mwenye kupiga simu ndiye mwenye maneno yake. Tukamwomba basi, Jumatano moja, amweke studioni mtu wa ofisi ya kazi, na pamoja naye mchimbaji mmoja mwenye asili ya Kasai na mmoja wa hapa. Akasema ataona. Tukamwuliza kama yule muuguzi aweza kuongezewa dakika. Akacheka, akasema huyo analipiwa na hospitali, wakiongeza fedha naye ataongeza dakika.

Jumatano tatu zimepita. Tumekwenda kusikiliza kila mara kwa mama yule, saa kumi. Mtu wa ofisi ya kazi bado hajaja. Neno lile halijasikika tena. Mara ya mwisho mama alikuwa ameishatia betri mpya kabla hatujafika.